Unga Nguoni

Saa mbili asubuhi, bandari ya Dakar,
kontena la kumi na moja linafunguliwa
na mifuko inashuka, kilo ishirini na tano kila mmoja,
kifuani ng'ombe mnene mwenye kengele,
nyuma yake mlima wa theluji.
Mimi ni Yero Ka, karani wa forodha.
Nahesabu. Nagonga mhuri.
Maziwa ya unga, yametiwa mafuta ya mawese
mahali pa siagi waliyoiengua na kuiuza kwingine:
ushuru, asilimia tano.
Tano ni chenji. Ni ile sarafu
unayomwachia kijana aliyekubebea mzigo.

Nilipoanza kazi nilimuuliza mkubwa wangu kwa nini tano.
Akasema, mji una watoto.
Akasema, mtu wa Pikine ananunua kipakiti cha faranga mia;
pandisha leo, kesho yuko barabarani na sufuria.
Hakusema uongo.
Hata mimi nina binti. Amelelewa kwa kopo.

Dada yangu Takko yuko Ferlo, ng'ambo ya Dahra,
safari ya kutwa, nusu yake mchanga.
Anaamka nyota zikiwa bado kazini,
anamwita Oole, yule wa rangi ya asali,
ndama anaonja, anavutwa kando,
kisha vidole, kisha ile sauti ya kwanza
ya maziwa yakigonga bakuli la mti.
Lita mbili. Mvua zikinyesha, tatu.
Kwa punda, kilomita kumi na nne
hadi kituo cha kupozea.
Mwaka jana kituo kilimpa mia tatu kwa lita.
Mwaka huu mia mbili na hamsini,
na Jumanne hawapokei kabisa. Wamepata unga.

Unga hauumwi kupe.
Hauulizi bei ya mashudu ya karanga.
Hauchachi njiani punda akigoma.
Wanaukoroga kwa maji ya bomba,
wanaumimina katika pakiti yenye picha
ya mwanamke wa Kifulani, kibuyu kichwani.
Anafanana na mama.

Jumanne ya kwanza Takko alirudi na ndoo zimejaa.
Hakumwaga; humwaga wanaotazamwa na kamera.
Aligawa mpaka majirani wakaanza kujificha,
akasukasuka siagi hadi mkono ukafa ganzi,
yaliyobaki akawapa mbwa.
Walikunywa, aliniambia, bila kunitazama machoni.

Kwenye simu haniulizi habari za ushuru.
Hajui mhuri unaishi mfukoni mwangu.
Aliuliza tu: huko mjini, watu wameacha maziwa?
Nikasema, wanakunywa.
Ya nani?
Nikasema nitatuma pesa.
Nikatuma, elfu kumi na tano,
zilizotoka kwenye mshahara
uliotoka kwenye ile tano.

Jioni mke wangu hulikung'uta shati langu dirishani:
vumbi jeupe, tamu ukililamba.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kinafulika kwa maji baridi.

Aprili nilikwenda. Nyasi hakuna,
Oole amekauka, mbavu unaweza kuzihesabu
kama mifuko.
Takko akatandika mkeka, akachemsha chai,
akainuka, akaenda kwa mwenye duka,
akarudi na kitu ngumini.
Akakichana kwa meno. Kipakiti cha mia.
Akakoroga muda mrefu, madonge hayakutaka kuisha.
"Unisamehe," akasema, "mgeni hunyweshwa ya ng'ombe,
lakini kiangazi hiki hata sisi tunakunywa haya."

Nikageuza kipakiti, nikasoma namba ya shehena.
Mazoea ya kazi.
Nilijua meli. Nilijua siku.

Nikanywa mpaka chini, nikaomba tena,
na dada yangu akacheka, akafurahi,
akasema mjini hawanilishi.